Programu Tatu Zisizojua Fa

Lisekese, Jumapili 15 Septemba 2002

Daftari hili nimepewa bure na Halfani wa stesheneri kwa kuwa mchwa walishakula kurasa za mwanzo. Nimezikata zilizoliwa, nitaandika kwenye zilizobaki. Mtu akiishi na watu wasiosikia, lazima atafute pa kusemea.

Leo baada ya misa, Mwenyekiti wa kwaya yetu, Bwana Arthur, alitusomea barua kutoka Newala. Aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza hakuielewa yeye, mara ya pili hatukumwelewa sisi. Habari yenyewe ni hii: tarehe 8 Desemba kuna jubilei huko, na kwaya zote zitaimba pamoja wimbo mmoja mpya. Kila kigango kinaweza kupeleka wimbo wake, uwe umechapwa kwa kompyuta na kwa nota za mistari mitano, maana mpiga kinanda ni mgeni na sol-fa haisomi. Ufike Newala kabla ya Ijumaa tarehe 15 Novemba kwisha. Mtunzi wa wimbo utakaochaguliwa atasomeshwa muziki Songea miaka miwili.

Mtunzi tuliye naye ni mmoja, Veridiana, ana miaka kumi na tisa. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, anaimba soprano. Mama yake ni mjane, anabangua korosho, na ameshakubaliana na masista kwamba Januari binti aende Lukuledi kupika shule ya bweni. Kwa hiyo ni Songea au masufuria ya Lukuledi.

Wimbo wake unaitwa "Mikono Hii, Bwana", unahusu mikono iliyoungua na kuwa myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho. Kauandika kwa sol-fa kwenye daftari la hesabu. Ni wimbo mzuri. Naandika hivyo hapa kwa kuwa yeye hatasoma. Yeye nimemwambia unahitaji kurekebishwa.

Katika kigango chote anayezijua nota za mistari ni mimi peke yangu, mwalimu wa kwaya. Nilifundishwa na padre Mjerumani pale pale Lukuledi, mwaka 1963, miezi minne hivi, kabla hajaugua akarudishwa kwao. Wengine hapa wakiona nota za mistari hudhani ni waya wa simu umetuliwa na ndege.

Jumatano 18 Septemba

Joto. Besi wawili walikuja mazoezini wamelewa uraka, ile pombe ya matunda ya mkorosho. Msimu wa mabibo huwa sina besi, nina milango inayolia.

Jumamosi 21 Septemba

Arthur ni wakala wa kampuni ya korosho. Tangu soko huria litufikie, kila mwenye mizani ni mkurugenzi, na Arthur ana mizani mbili. Akatangaza kwamba suala la programu ya kuchapia nota tumwachie yeye, ana uzoefu wa mambo ya kisasa. Alhamisi akaenda mjini Masasi, leo karudi na sidii kaifunga kwenye kitambaa kama hirizi.

Tukaenda kwa Halfani, ambaye ndiye mwenye kompyuta, pale mkabala na kanisa. Halfani akaiweka. Ikafunguka karatasi nyeupe.

"Mistari iko wapi?" nikauliza.

Arthur akamwelekeza Halfani abonyeze hapa na pale, ikatokea karatasi yenye mistari kama ya daftari la shule.

"Hiyo hapo, Mwalimu. Umetaka mitano, hii ni ishirini na saba. Itatosha na kubaki."

Kumbe dukani alisema anataka programu ya nota, wakasikia notisi, wakampa ya kuandikia notisi. Na yeye akaitikia, kwa kuwa mkurugenzi hawezi kuulizwa mara mbili. Halfani alicheka mpaka akakaa chini. Veridiana hakucheka. Alikuwa anahesabu wiki kwa vidole, nilimwona.

Jumamosi 28 Septemba

Halfani ana mpwa wake anasoma Mtwara. Kasema atamtuma aulize. Halfani ni Mwislamu, muuza bahasha, hajui Do wala Re, na ndiye msaada wetu. Ndipo tulipofika.

Jumamosi 5 Oktoba

Sidii ya Mtwara imefika na hii ni yenyewe. Mistari mitano, nota nyeusi zenye mikia, kila kitu. Arthur aliposhangaa nikamwambia afunge mdomo, inzi ni wengi msimu huu.

Mimi nilisimama nyuma nikiwatajia, Halfani akashika mausi. Kabla ya yote programu iliuliza alama za mwanzoni mwa mistari ziwe ngapi. Nikachagua moja, iliyo kama ngazi ndogo iliyolala, kwa sababu kitabu cha padre kilianza hivyo. Kisha Do nikaiweka kwenye kale kamstari kadogo chini ya mistari mitano, mahali pake nilipofundishwa, na nyingine zikapanda kutoka hapo. Tukafanya kazi saa nne nzima. Veridiana alikaa kwenye kreti la soda, daftari lake mapajani, akimtajia Halfani maneno.

Tukapiga. Ikaimba vizuri, do, re, mi, halafu ikafika "mikono", penye fa, ikaparama, ikapanda isivyotakiwa. Kila palipo na fa ikaparama. Fa gani ile? Imevuka fa haijafika so. Tukapiga mara tatu, ni yale yale.

"Mwalimu," akasema Halfani, "mimi wimbo huu nausikia kila Jumamosi kutoka hapo kwenu. Pale kwenye 'mikono' siyo. Pamepanda, kama ntu kakanyagwa kidole."

Nikamwambia auze bahasha zake. Tatizo ni programu, haina fa. Nimeagiza itafutwe nyingine.

Jumatatu 7 Oktoba

Vumbi. Mama Sophia, mke wangu, kaniuliza kwa nini nagombana na meza.

Jumamosi 12 Oktoba

Programu ya pili imeletwa na dereva wa lori la Arthur. Hii ina rangi, ina sauti ya kinanda, ya tarumbeta, hata ya mvua, sijui nani aliomba mvua. Nikawatajia upya nota zote, alama ile ile, Do mahali pake.

Fa imeparama.

Sasa nakumbuka yule padre naye alikuwa akiimba fa kwa mashaka. Huenda watu wa kule hawana fa kama yetu. Wamefika mwezini bila fa, wanatuuzia mashine zenye upungufu wao, na akina Arthur wanashangilia kwamba soko limefunguliwa. Limefunguliwa, kila kibovu kinaingia.

Veridiana kabaki dukani tulipoondoka. Kaazima kile kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilichokuja na sidii. Nilipopita jioni nikamkuta anaitazama skrini hata hapepesi. Watoto wa siku hizi wanapenda mwanga.

Jumamosi 19 Oktoba

Mazoezini Veridiana aliinuka mbele ya watu. "Samahani, Mwalimu. Ile alama ya mwanzoni, nilikuwa nafikiri labda..."

Nikamkata. "Alama ya mwanzoni ni mlango wa wimbo. Ukiuondoa, watu wataingilia wapi, dirishani?"

Kwaya nzima ikacheka. Hata yeye akatabasamu, akakaa. Lazima vijana wajue mpaka wao mapema, wasije wakasumbuka ukubwani.

Jumamosi 26 Oktoba

Hakuna umeme. Hakuna besi.

Jumamosi 2 Novemba

Zimebaki wiki mbili kasoro siku. Arthur yuko Mtwara na mzigo wa korosho, kaahidi kuleta programu ya tatu, "ya kitaalamu". Neno hilo kalitamka kama mtu anayemeza kiazi cha moto.

Mama yake Veridiana nimekutana naye njiani. Vidole vyake vimebabuka mpaka kwenye kucha. Aliniamkia, akauliza, "Eti Mwalimu, Songea itawezekana? Maana masista wanataka jibu." Nikamwambia mimi nimo ndani ya jambo hili, asiwe na wasiwasi. Akashukuru sana, akanipa kisado cha mihogo.

Ijumaa 8 Novemba

Ramadhani imeanza. Halfani kafunga, ana ukali wa swaumu, lakini duka kalifungua kwa ajili yetu. Umeme ulikatika siku tatu, umerudi leo.

Jumamosi 9 Novemba

Programu ya tatu. Nimetaja nota zote tena, sasa nazijua hata usingizini. Alama. Do mahali pake. Nusu ya kwaya ilikuwa imejaa mlangoni kutazama, Arthur kawaleta, alitaka waone utaalamu wake.

Fa imeparama.

Mtu mmoja mlangoni akacheka, sijui nani. Arthur akasema labda ni virusi, neno hilo kalipata Mtwara pamoja na sidii. Halfani alinitazama, kisha akamtazama Veridiana. Ndipo nikasema, mbele ya wote, kwamba mashine tatu haziwezi kukosea pamoja, basi kosa liko kwenye wimbo. Binti kaweka fa nyingi mno. Tutaziondoa. Kila penye fa tutaweka mi, tukutane Jumanne saa nne asubuhi tumalize.

Hata besi, waliokuwa wamelewa, walielewa. "Mikono" bila ile fa si "mikono", inakuwa kama mtu anayeita mbuzi. Nilijua hivyo wakati nasema.

Veridiana akasema, "Sawa, Mwalimu." Akakunja daftari lake, akatoka.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Akaacha kuchambua mchele. "Baba Sophia, wimbo wa mtoto wa watu umeutoboa jicho ili usikosee wewe?"

Nikamwambia mambo ya nota hayajui. Akasema, "Kweli, siyajui," akaendelea na mchele wake.

Jumanne 12 Novemba

Nilitoka nyumbani mapema, saa mbili na nusu. Sikuwa na haraka ya kuziondoa zile fa. Nilitaka tu nifike kabla ya watu.

Nilikuwa bado upande wa kanisani nilipousikia wimbo. Ulitoka kwenye vile vipaza sauti vidogo vya Halfani, na fa ilikuwa fa. "Mikono" ilipanda pale inapotakiwa, ikasimama, ikashuka taratibu. Nikasimama hapo hapo. Nitaandika ukweli: jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nilisema kweli, kwamba programu ya tatu ilikuwa inahitaji tu kupoa. Nikavuka barabara nikiwa tayari kumwambia Arthur maneno.

Ndani alikuwepo Halfani, na Veridiana kashika mausi. Aliponiona akainuka haraka, karibu aangushe kreti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Imejirekebisha yenyewe, Mwalimu."

Nikatazama skrini. Alama yangu ipo, moja, mahali pake. Lakini Do haikuwa tena kwenye kale kamstari ka chini. Ilikuwa juu ya mstari wa pili, na nota zote zimepanda nayo, kundi zima limehama. Ile ngazi ndogo iliyolala imekaa juu kabisa, mstari wa tano, na nafasi ya kwanza chini, nilipokuwa nikiweka fa zangu zote, ina jina moja na mstari huo, na alama hugusa nota zote zenye jina hilo. Kwa hiyo ile alama ilikuwa inazipandisha fa zangu, moja baada ya moja, kama ilivyoagizwa. Ilikuwa inanitii. Alama ikiwa moja, Do huhamia mstari wa pili. Huenda padre angenifundisha hayo kama tungefika mwezi wa tano wa mafunzo yetu.

"Hii ni programu ya tatu?" nikauliza, nipate la kusema.

Halfani alikuwa anapanga bahasha zilizokuwa zimepangika. "Ya kwanza, Mwalimu," akasema. "Ile ya mpwa wangu."

Veridiana akasema anakwenda kumwambia mama yake kwamba umeme upo. Akaondoka, na wote watatu tulijua mama yake hana haja ya umeme.

Nikamuuliza Halfani tangu lini. Hakutaka kusema. Nikamwambia yuko kwenye mfungo, asinifiche.

"Tangu ile Jumamosi alipokuuliza habari ya alama ukamfanya achekwe na watu. Alishajua. Nikamwambia, basi rekebisha, kompyuta hii hapa. Akakataa. Kasema Mwalimu ataona mwenyewe, tumsubiri. Kila siku anakuja anasubiri. Leo nimemlazimisha mimi. Nimemwambia mwanangu, heshima ni nzuri, lakini Ijumaa haimsubiri ntu."

Nimekaa hapa na daftari na sijui nianzie wapi. Wiki tatu na ushee yule binti alikuwa na dawa mkononi, masufuria ya Lukuledi yanamkodolea macho, na akanyamaza ili nisiaibike mbele ya Arthur na walevi wawili. Nilipomwambia autoboe wimbo wake, akasema sawa. Mimi nisingefanya hivyo kwa mtu yeyote. Miaka thelathini na tisa nimewadharau watu kwa kutojua kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua robo. Nina aibu mpaka meno yananiuma.

Saa nne walipofika wote, Arthur akauliza nini kilitokea. Nikasema, "Imejirekebisha yenyewe." Arthur akasema ndivyo zilivyo hizi za kitaalamu.

Alhamisi 14 Novemba

Wimbo umechapwa karatasi tatu, umekwenda Newala kwa basi la asubuhi, mkononi mwa Arthur mwenyewe. Penye mtunzi pana jina la Veridiana, herufi kubwa. Arthur alitaka na jina la Mwenyekiti liwepo chini. Nikamwambia atunge kwanza.

Jumamosi 23 Novemba

Mvua ya kwanza. Watu wamekimbia kuanua korosho, mazoezi hayakuwepo.

Alhamisi 28 Novemba

Wameuchagua. Mama yake Veridiana kaja mpaka nyumbani kutushukuru, kambeba kuku. Nikasema kuku ampe Halfani. Hakunielewa. Mama Sophia akampokea yule kuku akaenda naye nyuma.

Newala, Jumapili 8 Desemba

Kwaya kumi na moja, watu wamejaa mpaka nje kwenye matope. Mpiga kinanda ni padre kijana, mwembamba, ana miwani. Soprano wa Newala wana sauti za kufukuzia ndege shambani, lakini walipofika kwenye "mikono" hata wao walisimama sawa. Wanawake waliokuwa karibu yangu waliitazama mikono yao. Veridiana aliimba akiwa safu ya pili kama wengine wote, hakutaka kusimama mbele.

Baada ya misa yule padre akamwita. Akaishika ile karatasi juu, akawaambia watu kwamba amepokea nyimbo nyingi mwaka huu zenye nota za mistari, na nyingi Do imewekwa popote. Huyu binti yeye kaweka mahali pake. "Nani alikufundisha?"

Veridiana hakusita hata kidogo. "Mwalimu wangu Nikolao, wa Lisekese. Yule pale."

Watu wakageuka, wakapiga makofi. Yalikuwa marefu. Nafasi ya kusema hapana ilikuwepo, ningeweza kuisema mara kumi. Halfani hakuwepo, Mama Sophia hakuwepo. Nikainuka, nikainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyezoea, nikakaa.

Jumatatu 9 Desemba

Mama Sophia kauliza kulikuwaje. Nimemwambia kwaya ya Newala haijui kupumua.

Jumamosi 14 Desemba

Mazoezini walikuwa wananisubiri wote, hata besi, wamenawa nyuso. Anjelina wa alto akainuka kwa niaba yao. "Mwalimu, tumezungumza. Na sisi tunaomba utufundishe nota za mistari kama ulivyomfundisha Veridiana. Januari, korosho zikiisha." Arthur akasema atanunua ubao.

Nikawatazama. Wamebeba madaftari mapya, kila mmoja lake. Kwa mara ya kwanza sikupata neno la kuwakejeli. Nikasema vema, Januari.

Veridiana anaondoka kwenda Songea tarehe 6.

Jumapili 15 Desemba

Nilikwenda kwao baada ya misa, mvua ikininyeshea. Mama yake alikuwa kwenye maganda yake ukumbini, akataka kuinuka kunipisha kiti. Nikamwomba akae. Veridiana akatoka ndani, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia kwanza. Niliona nikiitikia tu, nitageuka nirudi nyumbani. Nikasema yote kwa pumzi moja, mama yake akisikia: kwamba Do ikiwa na alama mbili sijui inakaa wapi, wala ikiwa na tatu, na ile ya alama moja nimeijua kwake yeye, kwa hiyo anifundishe kabla hajaondoka.

Mama yake aliacha kubangua. Veridiana alinitazama usoni, nadhani ni mara ya kwanza kunitazama hivyo. Hakucheka.

Akaniuliza kama nimekuja na penseli.